Nyarugusu Ipi?

"Toka hapa Nyarugusu mpaka Segese, uzunguke Bukombe nzima urudi, hakuna mwanamke wa kunishinda kutunga wimbo," Mbuke alisema, akagonga jiwe. "Waliokuwa wananishinda wamekufa wote. Amebaki mmoja, na huyo amehamia Kahama, kwa hiyo simhesabu."

Wenzake walicheka bila kuinua vichwa. Kuinua kichwa ni hasara: vumbi linakuingia machoni, na nyundo haitofautishi jiwe na kidole. Walikuwa wameketi chini ya turubai lililochanika, kila mmoja na rundo lake la mawe yaliyotolewa shimoni, wakiyaponda yawe madogo ya kutosha kumezwa na karasha, ile mashine ya kusagia inayonguruma tangu alfajiri kama mgonjwa asiyetaka kufa. Katikati yao palikuwa na nafasi. Jiwe bapa la kupondea lilikuwepo, kipande cha godoro cha kukalia kilikuwepo. Eufrasia hakuwepo.

Eufrasia alikamatwa akihesabu viroba.

Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko cha mtu yeyote pale mwaloni, wanapooshea mchanga wa dhahabu. Mbuke mwenyewe husema "kula" akitaka kura, na "chakura" akitaka chakula. Kisukuma Eufrasia alikisema tangu anaota meno. Lakini kuhesabu, mtu huhesabu kwa lugha aliyofundishwa na mama yake, na mama yake alivuka kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili akiwa na kitoto kichanga mgongoni. Kitoto hicho ndicho Eufrasia. Basi maafisa wa uhamiaji walipopita mwaloni katika msako wao, wakasikia mwanamke anaita rimwe, kabiri, gatatu. Wakasimama.

"Wewe mama, unatoka wapi?"

"Mimi? Natoka Nyarugusu."

Maafisa wakatazamana kama watu waliookota jiwe lenye dhahabu barabarani.

Maana Nyarugusu ziko mbili. Iko hii ya Geita, ya mashimo na vumbi. Na iko ile ya Kigoma, kambi ya wakimbizi. Afisa kijana, aliyehamishiwa huku juzi juzi na bado anauliza njia ya kwenda chooni, akaandika kwamba mtuhumiwa amekiri kwa kinywa chake kutoroka kambini. Mtu amesimama Nyarugusu, anaulizwa anatoka wapi, anajibu Nyarugusu, anafungwa kwa kutoka Nyarugusu. Mbuke alisema jambo hilo ukimsimulia ng'ombe, ng'ombe ataacha kucheua.

Afisa mkubwa mjini hakuwa mkali. Alimwambia Mbuke kwa upole, kama daktari anayekuficha ugonjwa, kwamba suala ni dogo. Aje tu kiongozi wa eneo aseme anamfahamu huyo mama, kwamba amekulia hapo, hakutoka kambini. Neno moja tu la mwenyekiti wa kitongoji.

Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa Stanslaus.

Walimkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya mtambo wake mpya wa kuchenjulia dhahabu, miguu ndani ya beseni la maji ya moto. Mbuke alikuwa na Lusia, mpiga ngoma wao, mwanamke mwenye mikono mikubwa na maneno machache.

"Mwangaluka, mwenyekiti," Mbuke alisema.

"Mwangaluka, Mama Masalu. Kama ni habari ya yule mama, nimeshaisikia."

"Basi umetupunguzia kazi. Tunakuomba uende mjini useme unamjua."

Stanslaus alitoa mguu mmoja kwenye beseni akautazama kwa huruma. "Kumjua ni jambo moja. Kumjua kiserikali ni jambo jingine."

"Kwani kujua kuko kuwili?"

"Kuko. Mimi naweza nikawa nakujua wewe hapa, tunasalimiana, unanipigia kelele. Lakini kiserikali wewe ni nani? Niende mbele ya afisa niseme namjua mtu, kesho kumbe ni jasusi. Nani atawajibika? Wewe?"

"Eufrasia jasusi," Lusia akasema. "Anapeleleza nini? Mawe?"

"Lusia, mambo ya mipaka ya nchi siyo ngoma."

Nyuma yake mafundi walikuwa wanasimika nguzo za uzio mpya. Nyuma ya nyumba ya Eufrasia lilikuwako lundo la marudio, mchanga ulioshaoshwa mara moja, ambao watu wenye mitambo ya dawa huuosha tena na kupata dhahabu iliyowaponyoka maskini. Lundo hilo Eufrasia alilikusanya kwa ndoo, miaka na miaka, akisema ndilo pensheni yake. Stanslaus aliwahi kuliomba, akanyimwa. Aliwahi kutaka kulinunua kwa bei ya mkaa, akachekwa. Tangu mwenyewe akamatwe, nguzo za uzio zilikuwa zinatembea. Leo ziko hapa, kesho zimevuka njia, keshokutwa zimelizunguka lundo, na hakuna aliyeziona zikinyanyua miguu.

"Uzio wako una haraka," Mbuke alisema.

"Ni usalama wa wananchi. Dawa hizi ni sumu."

"Ndiyo maana nasikia harufu."

Waliondoka. Stanslaus akarudisha mguu kwenye beseni.

Kule mahabusu mjini, Mbuke na Lusia waliruhusiwa kuonana na Eufrasia kupitia wavu, askari amesimama karibu akichokonoa meno. Alikuwa amekonda, shingo imebaki mishipa, lakini mdomo ulikuwa haujafungwa pamoja na mwili.

"Humu wananiita Mama Kambi," alisema. "Wako waliotoka kambini kweli. Wananiuliza, mama, wewe ulikuwa zoni gani? Nawaambia zoni ya karasha."

"Umepungua, Eufra."

"Wewe ndiye umenenepa. Unakula fungu langu." Kisha akausogelea wavu. "Mama Masalu, wakinivusha kule Burundi nitamsalimia nani? Simjui mtu hata mmoja. Kijiji chenyewe silijui jina lake. Hata kaburi la kwenda kulilia sina. Mama yangu si amelala pale nyuma ya nyumba yangu?"

Mbuke hakumwambia kwamba uzio wa Stanslaus ulikuwa umeshalipita kaburi hilo.

"Stanslaus aseme neno moja tu," Eufrasia alisema.

"Anasema hakujui kiserikali."

Eufrasia alicheka mpaka askari akaacha meno yake. "Yule aliyenipigia magoti mlangoni mwaka wa mvua za El Nino, na kitenge mkononi? Nikamwambia Stanslaus, inuka, unachafua suruali. Leo hanijui! Basi mwambie magoti yake yananijua, ayaulize."

Kicheko kikageuka kikohozi. Askari akasema muda umekwisha. Eufrasia akauliza, sasa bila mzaha hata kidogo, "Mtakuja na mtu?"

"Tutakuja naye," Mbuke alijibu.

Ndipo akaja Telesphori.

Alikuja kutoka Mwanza na gari jeupe lililoandikwa mlangoni Sanaa Mkombozi. Alikuwa na kofia ya ukindu, ushanga wa mbao, na namna ya kuongea na wanawake wazima kama anayewaamsha watoto. Shirika lake, alieleza, hutumia sanaa kuwafanya watu wawaunge mkono wahamiaji waliowekwa kizuizini. Amesikia habari za mama huyu. Zimemgusa. Alipiga kifua mahali zilipomgusa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja kumtoa Eufrasia?"

"Nimekuja kupaza sauti yake, bibi."

"Sauti anayo. Inayopungua ni miguu ya kutokea."

Telesphori alicheka, akamgeukia mpiga picha wake kuhakikisha hilo limenaswa. Kisha akashusha turubai jeupe, siyo la kujikinga jua, la kuchorea, na ndoo za rangi nyekundu. Kila mama atatia kiganja rangini, atakipiga kwenye turubai. Wekundu ni maumivu. Viganja ni umoja. Turubai litapelekwa Dar es Salaam, na pengine ng'ambo.

"Eufrasia anatakiwa asivuke mpaka," Lusia alisema, "viganja vyetu ndivyo vinavuka."

"Mama yangu, usiidharau sanaa. Sanaa huvunja kuta!"

"Wabeja, asante," Mbuke alisema. "Basi tuanze na ule wa mahabusu. Upo mjini, ukifika sokoni unakata kulia."

Hata hivyo walipiga viganja. Walipiga kwa sababu Telesphori alisema litafanyika tamasha kwenye uwanja wa shule ya msingi, na kwamba watakuwepo wafadhili, na mwenyekiti wa kitongoji, na afisa wa uhamiaji mwenyewe kutoka mjini. Mbuke aliposikia hivyo akahesabu kichwani. Afisa na Stanslaus, safu moja, masikio manne, na yeye mbele yao na ngoma. Kwa hilo angepaka rangi hata kisogo.

"Na kesi yake?" aliuliza.

"Naifuatilia mimi mwenyewe. Kila siku naongea na afisa kwa simu. Ninyi andaeni wimbo."

Wimbo ulikuwa tayari. Telesphori aliusikiliza mazoezini macho amefumba, kichwa kinayumba, na ulipokwisha akavuta pumzi kama aliyetoka kula.

"Una ladha, bibi. Una mizizi! Ila tutoe majina."

"Nimtoe nani?"

"Eufrasia, kwanza."

Wanawake wakatazamana. "Si ndiye tunamwimbia?" Lusia akauliza.

"Ndiyo, lakini yeye ni mfano. Mkimtaja jina, mfadhili atadhani tatizo ni la mtu mmoja. Sisi tunaimba hali."

"Hali haijafungwa," Mbuke alisema. "Hali iko nje, inatembea. Aliyefungwa ni Eufrasia."

"Bibi, niamini. Semeni tu 'wanyonge wa dunia'."

"Hao wanyonge wa dunia wanakaa kitongoji gani, tukawasalimie?"

"Na huyu Stanslaus mtoeni pia."

"Huyu naye ni mfano?"

"Huyu ni mdau," Telesphori alisema, na uso wake ukawa na heshima ambayo haukuwa nayo alipokuwa anamtaja Eufrasia. "Ndiye aliyetupa uwanja."

Mbuke akaitikia kwa kichwa, mpole kama mbuzi wa kafara. Mtu aliyemjua angeogopa.

Siku ya tamasha mahema mawili yalisimamishwa uwanjani. La wageni lilikuwa na viti vyenye vitambaa na maji ya chupa. La wanawake lilikuwa na kivuli. Turubai la viganja lilitundikwa kwenye magoli, likatoa harufu ya rangi, na watoto wakabishana kiganja kipi ni cha mama wa nani. Katikati ya meza kuu aliketi mfadhili mwenyewe, mama wa Kizungu mwenye nywele nyeupe aliyesoma Kiswahili Unguja. Alisalimia kila mtu "hujambo" na "hali gani", akatamka kila herufi mahali pake, mpaka wazee wa Kisukuma wakaona haya kumjibu.

Stanslaus alikaribishwa kusema machache. Hakuna mwenye cheo aliyewahi kusema machache.

"Sisi hapa ni watu wa amani," alisema, suti yake ikinuka kabati. "Tunapenda wageni. Lakini tunapenda na sheria. Nimeulizwa kuhusu huyu mama aliyeko kizuizini. Mbele yenu nyote, na mbele ya afisa, nasema kweli tupu. Mtu huyo simfahamu. Sijawahi kumwona. Hata nikikutana naye njiani nitampita. Lakini kwa ubinadamu, nalaani mateso."

Meza kuu wakapiga makofi. Hemani kwa wanawake hakuna mkono uliogusa mwenzake.

Zamu yao ikafika. Wakaketi chini kwa safu mbele ya hema lao, kama wigashe, ngoma ya kukaa, inavyochezwa, mabega yakaanza kuyumba pamoja, Lusia akaamsha ngoma. Ubeti wa kwanza ulikuwa wa Telesphori: wanyonge wa dunia, machozi ya dunia, eee dunia. Mfadhili akaandika kitu. Telesphori akatabasamu. Kisha Mbuke akasimama, jambo ambalo halikuwa kwenye mazoezi.

Sasa, kwenye ngoma za Usukumani, tangu makundi ya ngoma ya Bagika na Bagalu yalipoanza kushindana, iko sheria ambayo haikuletwa na serikali yoyote. Mtu akiimbwa uwongo, hujibu pale pale, mbele ya watu. Akinyamaza mpaka ngoma ikazima, uwongo umegeuka kweli, na watoto watauimba hadi siku ya kumzika. Stanslaus katika ujana wake alicheza na Bagalu, jembe mkononi, njuga miguuni. Sheria hiyo ilikuwa ndani ya mifupa yake kabla uenyekiti haujaingia tumboni.

Mbuke akaita:

*Eufrasia wa Nyarugusu, Nyarugusu ipi?*

Wanawake wakapokea: *Si ya mahema, ni hii ya mavumbi!*

*Mwaka wa mvua, mto umejaa, nani alikuja?*

*Aaa, nani alikuja?*

*Alikuja Stanslaus na kitenge, akapiga magoti!*

Hemani pakalipuka vigelegele. Telesphori alianza kukata hewa kwa viganja, kata, kata, kama anayemzuia dereva asirudi nyuma. Stanslaus alikaza taya akatazama mbali, kwenye goli. Aliweza. Kwa kweli, angeweza mpaka mwisho, maana kweli mtu huizoea. Lakini Mbuke alikuwa ametia na uwongo kidogo, kwa sababu kweli peke yake ni mboga isiyo na chumvi:

*Eufrasia akafungua mlango, akaziba pua!*

*Akasemaje?*

*Stanslaus, nakukataa, nenda kwanza kaoge!*

*Kaoge!* wakaitikia wanawake. *Kaoge!* wakaitikia watoto kwenye magoli. Mke wa Stanslaus, aliyeketi safu ya pili, alijifunika uso na kanga, mabega yanatikisika, na haikuwa kwa kulia. Lusia akapunguza ngoma, taratibu, taratibu, kama mtu anayezima taa chumba kimoja baada ya kingine. Pigo moja. Pigo lingine. Ngoma ilikuwa inakaribia kuzima.

Stanslaus akaruka.

"Mwongo!" alipiga kelele, kiti kikaanguka nyuma yake. "Mwanamke mwongo wewe! Mimi ndiye niliyemkataa! Nilikwenda pale kwao nyuma ya kanisa, nimeoga, nimevaa shati jeupe, mama yake mwenyewe akanipa kigoda! Eufrasia ndiye aliyelia! Aulizwe! Aletwe hapa aulizwe!"

Ngoma ikazima.

Uwanja mzima ulicheka kwa namna ambayo haijatokea tangu shule ijengwe. Wazee walishikana. Stanslaus alibaki amesimama, kidole juu, na taratibu sana kidole kikaanza kuelewa kilichofanyika, kikashuka.

Mbuke hakucheka. Alivuka uwanja moja kwa moja hadi mwisho wa meza, kwa afisa, ambaye alikuwa anajifuta machozi na leso.

"Afisa, umesikia. Anamjua. Anajua hadi kigoda cha mama yake. Ulitaka neno moja, amekupa debe zima. Mtoe sasa."

"Nimesikia, bibi." Afisa alikuwa bado anahangaika na pumzi. "Mungu wangu. Kaoge! Ningesikia haya wiki iliyopita yangesaidia sana."

"Wiki iliyopita ina nini?"

Afisa akaikunja leso. Akamtazama Mbuke, akamtazama Lusia aliyefika nyuma yake na ngoma bado kiunoni. "Yule mama ameshavushwa mpaka kwenda Burundi. Jumatatu, na wenzake wa kambini. Lori lilikuwa na nafasi." Kisha akashusha sauti, na mshangao wake ulikuwa wa kweli. "Kwani hamkuambiwa? Mbona Telesphori nilimpigia siku ile ile? Akasema sawa, lakini tamasha liendelee, wageni wameshapanda ndege."

Lusia aliifungua ngoma kiunoni akaiweka chini. Habari ilirudi hemani bila mtu kuibeba. Wanawake walioketi kwa safu walinyamaza mmoja baada ya mwingine, kicheko kikafa kuanzia mbele kwenda nyuma.

Kwenye meza kuu nako waliona kimya hicho. Mfadhili alimwinamia Telesphori akamwuliza kitu. Telesphori akamjibu sikioni, mkono begani kwake, meno yote nje. Uso wa yule mama ukang'aa. Akainuka, akaizunguka meza, akamshika Mbuke mikono yote miwili, ile mikono yenye kucha zilizopondeka.

"Hongera sana, bibi!" alisema, na machozi yalikuwa yanamtoka kweli. "Nimefurahi mno. Telesphori ameniambia rafiki yako ameshaachiwa, yuko nyumbani kwake anapumzika. Wimbo wenu umemtoa!"

Mbuke hakutoa mikono yake. Alimtazama Telesphori juu ya bega la mgeni. Afisa akamtazama. Hata Stanslaus, mwenye aibu yake mbichi, alipata nafasi ya kumtazama mtu mwingine.

"Umemwambia yuko nyumbani?" Mbuke aliuliza.

Telesphori alirekebisha kofia. Mpiga picha hakushusha kamera.

"Hapana, bibi, hapana, ni tafsiri tu," alisema, akicheka kidogo. "Hizi lugha zina shida. Kwa Kiingereza neno hilo lina maana pana kidogo, ndiyo maana mgeni wetu hakunielewa."

Yule mama wa Kizungu akageuka polepole.

"Lakini, Telesphori," alisema, kila herufi mahali pake, "wewe umeniambia kwa Kiswahili."